Kualika kwa Kompyuta

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua imeanza leo, na darasa limeanza leo. Kampuni yetu ya kutoa mizigo bandarini imenipeleka Ganjoni, hapa hapa Mombasa, nikasome Python jioni, Jumatatu na Jumatano. Nilimuuliza bosi kwa nini mimi na si mwengine, akacheka. Mtu akicheka badala ya kujibu, mimi humuweka kiporo.

Mwalimu ni mwanamke wa Bungoma, jina lake Nekesa. Mchana yuko afisi za reli. Ana sauti ya chini na macho yasiyotoka kwenye kompyuta za watu. Somo la leo lilikuwa neno while, ambalo kwetu ni "maadamu". Maadamu jambo fulani ni kweli, kompyuta hurudia kazi. Likiwa si kweli tena, huacha. Hilo nimelielewa.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Mabati ya darasani yalipiga kelele hata hatukusikilizana.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku ya harusi ya mdogo wangu Nuswaiba imekatwa. Akdi ya kufunga ndoa ni Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili Mei, kupamba kwa wanawake kesho yake. Bwana harusi ni Ishaq wa Bondeni, mtu mpole, na familia yake ina wanawake wenye kuhesabu viti vitupu.

Mama akasema atamwita Bi Mize wa Kibokoni aje achukue kazi ya kualika. Nikanuna. Bi Mize ndiye aliyetualikia tangu harusi ya Mama mwenyewe: huvaa buibui lake, akapita hodi hodi mlango kwa mlango. Hapa Mji wa Kale mwanamke hualikwa kwa mdomo. Anayealikwa husema "inshallah" basi, siku ikifika huja. Asiyealikwa haulizi. Atakusalimu vizuri njiani, wala hutamuona harusini, na yake ikija hutaisikia.

Harusi ya binamu yetu, nyumba moja ya mtaa wa Kuze ilirukwa. Bi Mize aliapa kwamba alibisha na hakukuwa na mtu. Mimi sikumuamini. Wenye nyumba ile wana binti aliyewahi kuposwa na mwana wa Bi Mize, posa ikavunjika. Mama asema mimi nina moyo wa polisi.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo tumesoma mzunguko ndani ya mzunguko. Nekesa alituambia tufikirie askari wa jengo akikagua milango. Ghorofa ni mzunguko wa nje, milango ni mzunguko wa ndani. Askari amalize milango yote ya ghorofa moja ndipo apande ya pili. Ghorofa hupanda mara moja, na kwa kila mara moja hiyo milango huzungukwa yote.

"Na akipanda ghorofa mpya," akasema, "anaanza tena mlango wa kwanza."

Akalirudia hilo, akaliandika ubaoni. Nikaona atupotezea wakati, nani asiyejua? Akili yangu ilikuwa imeshafika nyumbani. Mtaa ni ghorofa. Mlango ni mlango. Huyu askari ni Bi Mize, ila huyu hana mwana wa kuposesha.

Jumatano, 15 Aprili

Nimewaambia nyumbani kwamba harusi hii itaalikwa kwa kompyuta. Mitaa minne: Ndia Kuu yetu, Kibokoni, Kuze, Bondeni. Kila mama wa nyumba apate ujumbe kwenye simu, kwa jina lake, wenye maneno ya heshima.

"Na Bi Mize nimwambieje?" Mama akauliza.

"Mwambie apumzike. Magoti yamuuma."

"Magoti yako wewe ndiyo hayajui kitu," Mama akasema. Nuswaiba yeye alifurahi, alisema ni jambo jipya na watu watalisema vizuri. Akanishika mkono. "Dada, lakini wataja wote? Nina ndoto mbaya, nimekaa juu ya kiti cha bi harusi na ukumbi mtupu." Nikamwambia kompyuta haisahau mtu.

Jumatano, 22 Aprili

Jaribio la kwanza, na fedheha ya kwanza. Nilitia nambari ya Mama badala ya nambari za watu, nikaendesha. Simu ya Mama ikalia. Ikalia tena. Ujumbe ule ule, "Bi Rukiya, mwaalikwa," ukaja mfululizo na Mama akaiweka simu chini ya mto akidhani imeingiwa na kitu. Nikaifunga kompyuta kwa nguvu.

Nilidhani ni hila ya kampuni ya simu kula salio. Kumbe nilisahau kumwambia askari aongeze moja baada ya kila mlango. Mlango ulibaki wa kwanza, wa kwanza siku zote ni chini ya thelathini, idadi ya milango ya Ndia Kuu, na maadamu ni chini ya thelathini kazi haishi. Nimeongeza mstari huo. Nekesa sikumwambia.

Jumatatu, 27 Aprili

Nekesa alipita nyuma yangu, akainama.

"Hii ni kazi ya kweli, eh? Si zoezi langu. Niione."

Nikafunika kioo kwa mkono. Ndani mna nambari za wanawake wa mji mzima, na siku hizi watu huibiwa kwa simu kila uchao. Mtu wa kuja, hatumjui kwao, ataka nambari za nini?

"Ni mambo ya nyumbani, mwalimu."

"Sawa. Lakini ukijaribu, usijaribu na ghorofa moja. Jaribu mbili. Ya pili ndiyo husema ukweli."

Ghorofa ya pili ni mtaa wa pili! Yaani nimtilie nambari nyingi zaidi. Nikamwambia ahsante na nikahamia kiti cha pembeni.

Jumamosi, 2 Mei

Mama amemwambia Bi Mize. Nilikuwa ngazini nasikiliza. Bi Mize akasema, "Alhamdulillahi, nipate na miye kualikwa." Mama akacheka naye. Mimi sikucheka. Maneno matamu kama hayo ndiyo huwa na mwiba.

Jumatatu, 4 Mei

Nimemaliza. Nainakili hapa kwa sababu naionea fahari.

mtaa = 1
mlango = 1
while mtaa <= 4:
    while mlango <= idadi[mtaa]:
        alika(mtaa, mlango)
        mlango = mlango + 1
    mtaa = mtaa + 1

Mtaa uanze wa kwanza, mlango uanze wa kwanza. Maadamu mitaa haijaisha, na ndani yake maadamu milango haijaisha, alika, songa mlango. Milango ikiisha, songa mtaa. Ndia Kuu milango thelathini, Kibokoni thelathini na mitatu, Kuze ishirini, Bondeni ishirini na minane. Bi Mize na watu wake nimewaandika mwisho kabisa wa Kibokoni, hata kompyuta iwafikie imeshachoka.

Nimejaribu kwa Ndia Kuu peke yake, nambari zote zikiwa yangu. Jumbe zote zimefika, hakuna iliyopungua.

Jumamosi, 9 Mei

Nimetuma baada ya sala ya adhuhuri. Kioo kikaandika "Tayari" bila kosa lolote. Haikupita hata dakika, na jirani yetu wa mkabala akatoa kichwa dirishani: "Swabra! Simu yangu yanialika kwa jina!" Ndia Kuu nzima yacheka na kupiga vigelegele. Hata Mama amekubali.

Nilitaka kupiga simu Kuze nikaulize, Mama akanizuia. "Humuulizi mtu kama amepata mwaliko. Utakuwa kama wamdai aje." Kweli.

Jumanne, 12 Mei

Mvua. Nguo hazikauki.

Alhamisi, 14 Mei

Kuna kitu. Nilipita Kibokoni kununua viazi vya karai, wanawake wawili waliokuwa barazani wakanyamaza nilipokaribia. Nikasalimu, wakaitika vizuri mno. "Aleykum salaam, mwanangu, hamjambo nyumbani?" Kisha wakatazamana. Kwenye kona nikamuona Bi Mize akitoka nyumba ya watu. Mvua yote hii, magoti yale, atafuta nini majumbani mwa watu na kazi ya kualika hana tena?

Wa Ndia Kuu wamekuja kumenya vitunguu saumu na kutwanga binzari. Wa mitaa mingine hajaja hata mmoja. Si mmoja! Bi Mize apita akitusemea, sina shaka sasa.

Jumamosi, 16 Mei

Amekuja mwenyewe. Buibui limerowa mpaka kiunoni, simu mkononi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bi Mize, keti," Mama akasema.

"Sikuya kuketi. Ujumbe wenu umenifika. Miye, na mkaza mwanangu, na jirani yangu wa ukutani. Basi. Kibokoni nzima ni sisi watatu. Watu wanitia mato, wanitazama kama mwivi, wasema ni miye niliyewachagua wangu na kuwaata wengine. Miaka yote hii nimekula nao, leo nikipita wafunga ndirisha. Hizi siku mbili napita kwao nikiwaambia sijui kitu, hawaniamini."

Mama akanitazama. Mimi nikaona mtego, mzima, na chambo chake. Kwa nini wapate watu wake tu? Kompyuta yamjua mkaza mwanawe? Kama hawa watatu wamepata, basi na wengine wamepata, na huyu mwanamke amewafundisha waseme hawakupata ili turudi kwake tukimlamba miguu.

Nikamwambia. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya Mama.

Bi Mize hakupandisha sauti. "Mwanangu," akasema, "nimekubeba weye ukiwa na siku saba, tukakutoa nde ukaone jua." Akaweka simu kifuani, akashuka ngazi moja moja, akishika ukuta. Mama hajasema nami tangu hapo.

Jumatatu, 18 Mei

Usingizi haukuja, na asubuhi nimepata mawazo mengine. Kama si Bi Mize, ni nani aliyeigusa kazi yangu? Nani aliyekuwa akinyemelea nyuma ya kiti?

Nilimkabili Nekesa kabla wenzangu hawajaingia darasani. Nilimuuliza ameifanya nini programu yangu.

"Sijawahi kuiona," akasema. "Ulifunika kwa mkono."

"Kuna siku nilikwenda kusali, kompyuta nikaiacha wazi."

Akavua miwani. "Swabra, mimi nimekaa Mombasa miaka mingi na kila nyumba ninayopanga mwenye nyumba huhesabu vijiko nikihama. Sasa na wewe." Akaivaa tena, akafundisha somo lake mpaka mwisho. Hakutazama upande wangu.

Jumanne, 19 Mei

Leo nimeogopa.

Shangazi Thureya wa Kuze ni dada wa marehemu baba, na ndiye somo wa Nuswaiba, kungwi wake. Ndiye wa kumsinga liwa mwilini, kumpaka hina na kumkalisha juu ya kiti. Wiki nzima twamngoja. Mama amekutana naye sokoni Mackinnon, akamuuliza yuwaja lini. Shangazi akajibu, "Sisi ni watu wa kusikia tu, wifi. Mungu awape heri." Akanunua ndimu zake akaenda.

Shangazi hapendani na Bi Mize tangu zamani. Hawezi kufundishwa neno naye. Nalizungusha jambo hili na kila nikilizungusha halikubali kukaa pale nilipoliweka.

Nuswaiba amelia tangu magharibi. "Onyesha mtu hiyo kazi yako," akasema. "Yeyote. Sijali aibe nambari ngapi. Mimi ndiye nitakayekaa pale watu wa Bondeni wakinitazama sina hata shangazi."

Jumatano, 20 Mei

Nilifika darasani mapema, nikaweka kompyuta mbele ya Nekesa, nikaifungua. Nilimuomba radhi kwanza. Alisikiliza, akasema "haya," basi. Akasoma. Nilidhani ataonyesha kidole papo hapo. Badala yake alichukua kipande cha chaki, akaniambia mimi ndiye kompyuta.

"Mtaa wa kwanza. Mlango wako ni ngapi?"

"Wa kwanza."

"Bisha."

Nikabisha meza. Akaandika ubaoni: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. "Umemaliza thelathini. Ukaongeza moja. Sasa mlango ni ngapi?"

"Thelathini na moja. Si chini ya thelathini wala si sawa nayo, kwa hivyo natoka mzunguko wa ndani."

"Vizuri. Songa mtaa. Uko mtaa wa pili. Mlango ni ngapi?"

Nikafungua kinywa kusema wa kwanza. Kisha nikatazama kazi yangu, nikautafuta mstari unaosema hivyo. Uko juu kabisa, nje ya yote, na nilishaupita. Hausomwi mara ya pili.

"Thelathini na moja," nikasema.

"Mtaa huu una milango mingapi?"

"Thelathini na mitatu."

"Basi bisha."

Nikabisha mara tatu. Mara tatu tu, milango ya mwisho ya Kibokoni, ile niliyoipanga mwisho kwa ubaya wangu. Nikaingia Kuze na thelathini na nne mkononi. Kuze ina ishirini. Sikubisha hata mmoja. Bondeni kwa kina Ishaq, ishirini na nane, sikubisha hata mmoja. Kisha nikaandika "Tayari".

"Mbona haikusema kosa?" nikauliza.

"Kwa sababu si kosa kwake. Ulimwambia maadamu mlango hauzidi ishirini. Akatazama, akaona unazidi, akapita. Alikutii." Akachukua kibodi, akaushusha mstari ule chini ya while ya kwanza, kabla ya while ya pili, akausogeza ndani kidogo.

while mtaa <= 4:
    mlango = 1
    while mlango <= idadi[mtaa]:

"Kila mtaa, mlango uanze upya," akasema. "Niliandika ubaoni."

Nikamkumbuka yule mama wa Kibokoni, buibui limerowa, akisema ni sisi watatu. Alisema kweli, neno kwa neno.

Ijumaa, 22 Mei

Mama alinikataza nisitume tena kwa simu. Ujumbe unaokuja karibu wiki mbili baada ya Ndia Kuu kupata wao ni tusi, asema, afadhali kutokuja kabisa. Kilichobaki ni mguu na mdomo, na mguu ni wangu.

Jana tangu asubuhi mpaka isha, na leo mpaka akdi. Kuze kwanza. Mlango wa kwanza kabisa ulifunguliwa nusu. "Leo ndio mumekumbuka kuna Kuze?" Nikasema kosa ni langu, si la Mama wala la Nuswaiba, nikaeleza habari ya kompyuta, ikaonekana uongo hata kwangu. Mlango wa nne niliacha kueleza. Nilisema tu: nimekuja kuwaalika, nimechelewa, niwieni radhi. Wengine waliniacha nisimame mvuani mpaka waridhike. Wengine walinipa kanga kavu.

Shangazi Thureya alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni mashini."

"Ni mimi, shangazi. Mashini ilifanya nilivyoiambia."

"Ungesema mashini ningekasirika," akasema. "Ngoja nichukue hina yangu."

Kisha Bondeni yote, kisha Kibokoni kuanzia mwanzo. Nilipofika mwisho wa Kibokoni adhana ya adhuhuri ilishalia na akdi ni alasiri. Ile milango mitatu nikaipita mbio. Wao ujumbe waliupata siku ile ile, kwa majina yao, nikasema hao sina haja nao leo, na Bi Mize nitakuja kumuomba radhi kwa utulivu harusi ikiisha.

Nuswaiba ni mke wa mtu. Ishaq alijibu "nimekubali" kwa sauti iliyotetemeka, watu wakacheka.

Jumapili, 24 Mei

Jana walikuja. Naliandika kwa sababu bado silisadiki. Kuze walikuja, Bondeni walikuja na ngoma, Kibokoni walijaza safu mbili za mbele. Viti vilikwisha, watu wakaketi mikekani. Nekesa alikuja na dera jipya lenye alama ya kukunjwa dukani, nikamketisha pamoja na watu wetu, akala biriani akauliza kama hii ndiyo kazi iliyofunikwa kwa mkono. Shangazi Thureya alipomfunua Nuswaiba uso, vigelegele vilipasua masikio. Mdogo wangu alitazama ukumbi wote, safu kwa safu, akitabasamu. Nilikuwa karibu naye nikimrekebishia asumini.

"Dada," akanong'ona, "Bi Mize yuko wapi?"

Nikatazama na mimi. Mkaza mwanawe hakuwako. Jirani yake hakuwako. Nikamuuliza mama mmoja wa Kibokoni, akanijibu bila ubaya wowote: "Alikuwa mlangoni pake tangu asubuhi ya Ijumaa, amevaa. Twalisema utamfikia. Ukampita."

Leo baada ya alasiri nimekwenda kwake, na sahani ya biriani imefunikwa kwa kitambaa kizuri. Mvua imekatika. Nikabisha hodi. Ndani redio ilikuwa ikisema. Nikabisha tena, nikataja jina langu. Redio ikazimwa, na hakuna aliyejibu.